Chanjo, Kinga na Ukuta: Historia ya Ulinzi wa Kompyuta ya Nyumbani Ikitazamwa kutoka Kambove

Historia ya programu za kulinda kompyuta aghalabu husimuliwa kama historia ya makampuni: nani alianza, nani aliuza zaidi, nani alimnunua nani. Masimulizi ya namna hiyo yana faida yake, lakini huacha kando swali ambalo mwenye kompyuta moja tu nyumbani hujiuliza kila mara. Achague programu ipi? Na je, moja yatosha, au aunganishe mbili tatu? Majibu ya swali hilo yamebadilika mara nyingi tangu mwaka 1986, na mara nyingine yamepingana kabisa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila jibu lilizaliwa na njia ambayo hatari ilipitia wakati huo, na kwamba jibu lililokuwa sahihi kwa njia moja liligeuka kuwa hasara lilipohamishiwa mahali ambapo hatari ilipita kwingine. Mahali palipochaguliwa pawe kituo cha kutazamia ni Kambove, mji wa migodi wa Haut-Katanga, kwa kuwa huko tofauti hiyo ya njia huonekana bila kutafutwa.

Kambove iko kilomita zipatazo 25 kutoka Likasi, nayo Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Reli iliyofika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, iliendelea hadi Kambove mwaka 1913 ikiifuata shaba. Katika eneo hilohilo la utawala, maji ya mto Lufira yalizuiwa huko Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930, nacho pia kwa ajili ya shaba kabla ya taa za watu. Reli na umeme, basi, vilifika mapema. Kompyuta ya nyumbani haikufika mapema. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka hadi takriban tani 50,000 mwaka 1993. Kati ya miaka hiyo miwili mgodi wa Kamoto uliporomoka (Septemba 1990), miji ikaporwa (1991), na familia nyingi zenye asili ya Kasai zikafukuzwa kutoka miji ya migodi (1992 hadi 1993). Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliachishwa kwa utaratibu ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa hiyo, katika muongo uleule ambao familia za Ulaya na Marekani zilinunua kompyuta zao za kwanza, nyumba nyingi za wafanyakazi wa Katanga zilikuwa zikiuza vyombo. Mashine ilipoingia hatimaye katika nyumba hizo, miaka ya 2000 na 2010, aghalabu ilikuwa imekwisha kutumika kwingine, na ilikuja na mashauri yaliyotungwa huko ilikotoka.

Shauri la kwanza lilitungwa wakati wa disketi. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga programu iliyojulikana baadaye kwa jina la Brain, inayohesabiwa kuwa kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM PC. Ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka lao na nambari za simu; leo ni vigumu kuamini. Brain ilikaa katika sehemu ya kwanza ya disketi, ile inayosomwa na mashine inapowashwa, nayo ilisafiri kwa mwendo wa mtu anayebeba disketi hiyo. Mwaka 1987 zikatokea programu za kwanza za kuipinga hali hiyo, kila moja katika nchi yake: McAfee kule Marekani, G Data huko Ujerumani, na NOD iliyotungwa na vijana wa Chekoslovakia, Miroslav Trnka na Peter Paško. Jina la NOD lilikuwa kifupi cha maneno yenye maana ya «hospitali pembezoni mwa disketi», kwa kuchezea jina la tamthilia ya televisheni ya nchi hiyo. Lugha ya tiba, kwa hiyo, iliingia katika taaluma hii tangu mwanzo. Baadhi ya programu hizo ziliitwa chanjo.

Namna zilivyofanya kazi ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Mtunzi alipopata mfano wa kirusi kipya, alichagua kipande cha maandishi yake ya ndani kisichopatikana penginepo, akakitia katika orodha. Programu ilipita faili moja baada ya nyingine ikilinganisha na orodha hiyo, ikatoa taarifa, kisha ikafunga kazi na kuondoka. Haikubaki macho. Mashauri ya wakati ule yalikuwa haya: mwenye mashine aiwashe kwa disketi safi iliyozuiwa isiandikwe, aendeshe programu ya kwanza, kisha aendeshe ya pili iliyotungwa na watu wengine. Ushauri wa kutumia mbili ulikuwa wa busara. Mtunzi wa Bratislava na wa California hawakuletewa mifano ileile kwa wakati uleule; alichokikosa mmoja, mwingine huenda alikuwa nacho. Orodha mpya ilifika kwa posta baada ya mwezi au miezi mitatu, na haikuchelewa sana, kwani kirusi chenyewe kilisafiri polepole. Kasoro moja tu ilijulikana: baadhi ya programu ziliacha vipande vya orodha katika kumbukumbu ya mashine, na programu iliyofuata ilivikuta huko ikapiga kelele kwamba kuna kirusi, hali ni dawa ya mwenzake.

Katika zama hizo likatokea tukio moja lenye uhusiano na Afrika ya Mashariki. Mwezi Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda nchi nyingi. Walengwa walikuwa wasomaji wa jarida moja la kompyuta na watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya Ukimwi. Disketi ilidai kuwa na maelezo kuhusu ugonjwa huo pamoja na maswali ya kumpimia mtu hatari yake ya kuambukizwa. Maswali yalikuwapo kweli. Lakini kwa siri programu ilihesabu ni mara ngapi kompyuta imewashwa, na ilipofika mara ya 90 hivi, iliyaficha majalada na kuyavuruga majina ya faili, kisha ikadai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama kwa jina la PC Cyborg Corporation. Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, Mmarekani, mwanabiolojia aliyesoma Harvard, ambaye alikuwa amefanya utafiti wa nyani Afrika ya Mashariki na kushughulika na mambo ya Ukimwi nchini Kenya. Alikamatwa, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba hali yake ya akili haimruhusu kusimama mahakamani.

Jambo la kuzingatiwa katika kisa hiki ni kwamba yaliyomo ndani ya faili hayakuguswa. Majina tu ndiyo yaliyovurugwa, tena kwa ufunguo mmoja kwa wote, na katika muda mfupi Jim Bates wa Uingereza alitunga programu ya kuyarejesha. Walioumia zaidi ni wale ambao, kwa hofu, waliifuta diski yote kabla ya kungoja. Yasemekana shirika moja la Italia lilipoteza hivyo kazi ya miaka kumi. Programu mbili za uchunguzi zilizofuatana zisingewafaa kitu siku ya kwanza, maana hakuna aliyekuwa na mfano wa disketi hiyo katika orodha yake. Ambacho kingewafaa ni nakala iliyowekwa mbali na mashine, au subira. Kisa hicho kitarudi, kwa sura nyingine, katika nyumba za Katanga miaka ishirini baadaye.

Shauri la pili lililipindua la kwanza. Tangu Windows 95, na hasa baada ya hapo, programu za ulinzi zikawa za kukesha: hazikuja na kuondoka tena, bali zilikaa ndani ya mfumo na kulishika kila faili kabla halijafunguliwa. Sababu ilikuwa njia mpya. Mwaka 1995 kikaenea kirusi kiitwacho Concept kilichokaa ndani ya nyaraka za Word. Machi 1999 Melissa, na Mei 2000 kile cha ILOVEYOU kutoka Manila, vikasafiri kwa barua pepe na kuzunguka dunia kwa muda wa saa chache. Orodha iliyofika kwa posta haikuwa na maana tena. Lakini programu mbili zenye kukesha, zikiwekwa katika mashine moja, zote hutaka kulishika faili lilelile kwa wakati uleule. Ya kwanza hulifungua ili ilichunguze, ya pili huona faili linafunguliwa, nayo hulishika. Mashine huzubaa, au huzima. Moja huweza pia kuikuta karantini ya nyenzake na kuitangaza kuwa pango la virusi. Waswahili walikwisha kusema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja, na methali hiyo inaeleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya mafundisho. Tangu hapo sheria ikawa: weka moja tu, usiongeze.

Sheria hiyo haikudumu miaka mingi bila kuongezewa. Mwezi Agosti 2003 mnyoo ulioitwa Blaster, na mwishoni mwa Aprili 2004 mwingine ulioitwa Sasser, uliingia katika kompyuta bila mtu kufungua chochote. Ilitosha mashine iwe imeunganishwa na mtandao. Kirekebisho cha Microsoft kilikuwa kimetolewa kabla ya kila mmoja wa minyoo hiyo, lakini wengi hawakukiweka. Kwa kuwa njia ilikuwa milango ya mtandao yenyewe, programu ya kuchunguza faili ilichelewa kwa asili yake. Ikahitajika programu ya kufunga milango. Windows XP ilikuwa nayo, lakini ilikuwa imezimwa hadi toleo la marekebisho la Agosti 2004 lilipoiwasha. Wakati huohuo zilienea programu za upelelezi zilizoingia pamoja na michezo na vikolezo vya bure, ambazo wauza kinga wengi hawakuzihesabu kuwa virusi. Ndiyo maana, mnamo mwaka 2004, kompyuta ya nyumbani iliyosifiwa kuwa imelindwa ilikuwa na programu nne: AVG au Avast ya bure, ZoneAlarm ya kufunga milango, na Ad-Aware pamoja na Spybot za kuwasaka wapelelezi. Hazikugombana, kwa kuwa kila moja ilikuwa na kazi yake: moja ilikesha juu ya faili, moja juu ya milango, na mbili ziliitwa mara moja kwa juma kama fundi. Huo ulikuwa mpango mzuri wenye akili nyingi, kwa mashine iliyokuwa kwenye mtandao usiku na mchana.

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya maneno, kwa kuwa mashauri hayo yalifika kwa wasemaji wa Kiswahili yakiwa yamevaa maneno fulani, nayo maneno yalichukua mizigo yake. Neno «virusi» liliingia likiwa nomino ya kigeni isiyo na umoja, lakini silabi yake ya kwanza ililisukuma katika ngeli ya KI-VI, na umoja «kirusi» ukazaliwa. Sasa umoja huo umegongana na jina la lugha ya Moscow, mji ambako kampuni ya Kaspersky ilianzishwa mwaka 1997. Hivyo mtu aweza kusema bila kosa la sarufi kwamba anatumia programu ya Kirusi kuulia kirusi. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba kwa masikio mengi neno virusi lilitangulia kuja na Ukimwi, ugonjwa uliokuwa hauna dawa, na si ajabu kwamba mtu aliyeambiwa kuwa mashine yake «ina virusi» alielewa kuwa haina budi kufutwa yote.

«Chanjo» nalo ni neno zuri lenye hatari. Kuchanja ni kutoboa ngozi mara moja, kwa wembe wa mganga au kwa sindano ya hospitali, na kinga ikabaki mwilini. «Kinga» na «zindiko» zina hali hiyohiyo: huwekwa, na ikiwekwa imewekwa. Programu ya ulinzi si ya namna hiyo hata kidogo. Ikikaa miezi mitatu bila orodha mpya, alama yake ya kijani hubaki pale pale kwenye kioo, lakini mlinzi amelala. Kitenzi «sasisha», kilichotungwa kutokana na «sasa», ndicho kilichobeba ukweli wa jambo, na ni bahati mbaya kwamba kilichelewa kuzoeleka. Katika Katanga watu wengi bado hulitaja jambo hilo kwa Kifaransa. Ama «ukuta wa moto», tafsiri hiyo ya neno kwa neno humpa msikilizaji picha ya ukuta unaowaka. Asili yake ni ukuta wa matofali unaojengwa kati ya nyumba na nyumba ili moto usivuke. Msemaji wa Lubumbashi au Kambove ana neno lililo karibu zaidi: lupango, kiwanja cha nyumba chenye ua na lango moja, ambapo aingiaye huulizwa na atokaye huonekana. Wanaistilahi wangeanzia kwenye lupango, mafunzo yangepata mfano ambao kila mtoto anaujua. Jitihada za kuipa kompyuta lugha ya Kiswahili zilikuwapo, na za kusifiwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Hata hivyo tahadhari za programu za ulinzi zilibaki kwa Kiingereza na Kifaransa, nazo ndizo maandishi ambayo mtu hana budi kuyaelewa mara moja, kidole kikiwa tayari kubonyeza.

Turudi Kambove na njia zake. Simu za mkononi za Vodacom zilianza kazi nchini mwaka 2002, na kebo ya chini ya bahari ilifika Muanda, upande wa pili kabisa wa nchi, ikaanza kutumika mwaka 2013. Katika muda ulio kati ya tarehe hizo mbili, mtandao katika miji midogo ya migodi ulikuwa wa kununuliwa kwa kipimo, nao ulikuwa ghali. Faili zilisafiri mfukoni. Mwanafunzi aliyetoka Kambove kwenda Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kazi yake ya mwisho wa mzunguko, au memwari ya lisansi, nyumbani au katika kibanda cha kuchapia, akaibeba kwenye flashi hadi kibanda kingine kwa ajili ya kuchapisha, akairudisha. Kwa mwendo wake, hatari ilikuwa imerudi mwaka 1986: ilikwenda kwa miguu, kwa basi na kwa lori la shaba. Tofauti ni moja tu, tena ya kusikitisha. Disketi ilikuwa na kitufe cha kuzuia isiandikwe, flashi nyingi hazina.

Windows ya wakati ule iliongeza ubaya kwa wema wake. Flashi ilipochomekwa, mfumo ulisoma faili dogo lililoitwa autorun.inf na kufuata lilichoagiza. Conficker, mnyoo uliotokea Novemba 2008, ulitumia njia tatu kwa pamoja: tundu la mtandao lililokuwa limezibwa na Microsoft mwezi mmoja kabla, nywila dhaifu, na faili hilo la flashi, ambalo lilionyesha kisanduku chenye maneno ya kufungua jalada huku likiita programu ya mnyoo. Ulipokwisha kuingia ulizuia mashine isifike kwenye kurasa za makampuni ya kinga. Yule mwenye programu nne za mwaka 2004 alikuwa amejenga ukuta upande wa mtandao, ilhali mgeni alikuja mkononi mwa mwenye nyumba mwenyewe. ZoneAlarm haikuwa na la kusema. Programu za kuwasaka wapelelezi hazikuwa na la kusema. Ile ya kukesha ingesema, kama ingesasishwa. Na kusasisha ndiko kulikohitaji mtandao wa kununua kwa kipimo.

Baadaye kidogo vikaenea virusi vilivyoyaficha majalada yote ya flashi na kuweka mahali pake vijia vya mkato vyenye majina yaleyale. Mwenye flashi aliona memwari yake imegeuka kuwa faili la kilobaiti moja lisilofunguka. Hapa kisa cha disketi ya mwaka 1989 kikajirudia karibu hatua kwa hatua. Majalada yalikuwapo, yamefichwa tu, na amri moja fupi ya mfumo, attrib, iliyokuwapo tangu enzi za DOS, ilitosha kuyadhihirisha. Lakini Windows yenyewe, ilipokuta flashi imeharibika, ilimshauri mtu aifomati, na mafundi wengi walishauri hivyohivyo. Aliyekubali alikuwa anaifuta kwa mkono wake kazi ambayo kirusi hakikuifuta. Kwa mwanafunzi ambaye nakala yake nyingine ilikuwa ya karatasi, yenye masahihisho ya kalamu ya mwalimu, huo ulikuwa mwaka mzima wa masomo.

Mazingira hayo yalidai mchanganyiko wa aina yake, na vipande vyake vilikuwapo, ingawa mashauri ya nje hayakuvitilia mkazo. Cha kwanza kilikuwa kuuzima ule utii wa autorun. Microsoft iliuondoa kwa flashi katika Windows 7 mwaka 2009, na Februari 2011 ikausambazia XP na Vista marekebisho kwa njia ya mtandao, yaani kwa njia ambayo mashine zilizohitaji zaidi hazikuwa nayo. Cha pili kilikuwa programu moja ya kukesha ambayo orodha yake ingeweza kubebwa. Avast na AVG zilitoa masasisho katika faili moja la kupakua. Mtu aliweza kulichukua katika nyumba ya mtandao mjini na kulipeleka nyumbani. Flashi ileile iliyobeba ugonjwa ilibeba dawa, na anayeidharau njia hiyo hajaona mji usio na mtandao. Cha tatu kilikuwa programu ya pili isiyokesha, ya kuitwa mara moja kwa juma, kama Malwarebytes iliyotolewa mwaka 2008. Huko ni kurudi kwenye sheria ya zama za disketi: mbili, mradi zifuatane. Wale waliokariri kwamba «mbili hugombana» waliukataa msaada huu bila sababu, na wale waliokariri kwamba «mbili ni bora» waliweka mbili za kukesha katika mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 256, wakashangaa kwa nini haiwaki hadi maji yachemke. Pande zote mbili zilikuwa zimeishika sheria bila historia yake.

Wengine waliikwepa Windows yenyewe. Kati ya mwaka 2005 na 2011 mradi wa Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulituma kwa posta CD za bure kwa yeyote aliyeomba. Mashine yenye mfumo huo iliweza kuisoma flashi iliyoambukizwa bila kudhurika, na kwa fundi wa kibanda ilikuwa chombo bora cha kuokolea faili. Kwa mwenye nyumba aliyehitaji Word kama ya chuoni, haikuwa rahisi.

Septemba 2009 Microsoft ilitoa Security Essentials bila malipo, na mwaka 2012 ikaiingiza ulinzi wake, kwa jina la Defender, ndani ya Windows 8. Ile ya mwaka 2009 ilihakiki kwanza kwamba Windows ni halali, na mahali ambapo mifumo mingi ilikuwa ya kunakiliwa sharti hilo lilikuwa na maana kubwa. Hofu hiyohiyo iliwafanya wengi wazime masasisho yote, wakaacha matundu wazi kwa miaka. WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017 iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150 kupitia tundu ambalo kirekebisho chake kilitolewa Machi ya mwaka huohuo, nayo, tofauti na disketi ya Popp, iliyafunga yaliyomo yenyewe kwa ufunguo usiokisika.

Kuhusu neno «bure», historia ya karibuni inataka msomaji awe macho. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Januari 2020 Avast ilifunga kampuni yake tanzu ya Jumpshot baada ya kufichuliwa kwamba ilikuwa ikiuza habari za kurasa zilizotembelewa na watumiaji wake, na Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikatangaza kuitoza dola milioni 16.5. Avira na Avast zote mbili zilikuwa zimekwisha kumezwa na wenye Norton, mwaka 2021 na 2022. Kwa hiyo anayeondoa AVG na kuweka Avast, au Avira, akidhani amebadilisha mlinzi, amebadilisha sare tu. Kaspersky nayo ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa sababu za kisiasa na kiusalama. Huko Kongo marufuku hiyo haina nguvu, lakini yafaa kujua kwamba Septemba ya mwaka huo wateja wa Marekani walikuta programu nyingine, UltraAV, imejiweka yenyewe katika mashine zao mahali pa ile ya zamani.

Shauri linaloenea leo ni kutosheka na Defender, na kwa mashine iliyo kwenye mtandao daima ni shauri zuri. Ikiwekwa programu nyingine, Defender hujiondoa katika kukesha, na tangu mwaka 2016 inaweza kubaki kama mchunguzi wa mara kwa mara, hivyo ugomvi wa fahali umepata suluhu ndani ya mfumo wenyewe. Lakini sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye mashine za mbali anazoziuliza kwa mtandao. Katika majaribio kadhaa ya AV-Comparatives, taasisi ya Innsbruck inayopima uwezo wa programu zikiwa na mtandao na zikiwa hazina, Defender bila mtandao ilitambua kwa kiwango cha chini waziwazi kuliko ikiunganishwa. Ni safu moja tu ya jedwali, ambayo msomaji wa Ulaya huiruka. Kwa nyumba ya Kambove inayonunua mtandao kwa siku mbili katika juma na kupokea flashi kila siku, hiyo ndiyo safu ya kusomwa kwanza, na huenda ikaelekeza kwenye programu nyingine kuliko ile iliyoshinda kwa jumla.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni, na kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017, kwa jumla, hazikubaliwi. Nyingi za mashine hizo zinaondolewa maofisini huko Ulaya, na njia yake ya kawaida ni ile ya waliozitangulia: kontena, bandari, lori, kisha duka la mji wa migodi, bei ikiwa imeshuka.